Shukrani kwa mama aliyeniokotea kitabu kwenye teksi ya Jinja

Mama uliyekaa karibu na dirisha kwenye teksi ya Kampala kwenda Jinja Jumamosi iliyopita, asante sana. Nilikuuliza jina, ukatabasamu tu.

Kitabu ulichokiokota chini ya kiti ni Adventures in the Screen Trade cha William Goldman, mwandishi wa filamu wa Marekani aliyepata tuzo mbili za Oscar. Ni toleo la kwanza, la mwaka 1983. Humo anasimulia Hollywood aliyoiona kwa macho yake: mastaa, wakubwa wa studio, na mwandishi anayehangaika katikati yao. Mimi pia naandika filamu, na kitabu hiki ndicho mwalimu wangu.

Toleo kama hili, sehemu kubwa ya thamani yake iko kwenye lile jalada la karatasi la nje. Likilowa, basi tena. Na mvua ya siku ile mnaijua!

Ulipiga namba uliyoikuta kwenye risiti niliyoweka kama alama ya ukurasa. Nilikukuta stendi umekifunga kwa kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, umekikumbatia ndani ya leso, bega lako la kushoto likichuruzika maji. Nilipotoa angalau pesa ya nauli, uliukunja mkono wangu ukasema, "Nenda ukasome, mwanangu." Ukapanda boda ukaondoka.

Jalada halina hata doa. Mungu akuzidishie, mama. Namba yangu unayo. Nyumbani kwetu chai yako ipo siku yoyote.