Kila kichupa kina mtoto wake

Musoma

Mwanangu Nyamisi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Ujumbe wako kwamba umepangiwa maabara ya limfoma, saratani ya tezi, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda nimeusoma nikiwa sokoni, nikamsomea hapo hapo na mama anayetuuzia dagaa. Tumefurahi wote. Mungu azidi kukufungulia njia.

Umeniomba neno kabla hujaanza mafunzo. Ninalo, na kwa simu halitoshi.

Hapo hospitali ya Mulago, Kampala, unapokwenda ndipo ugonjwa utakaouchunguza ulipotambuliwa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliitwa wodini kumwona mtoto wa kiume aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa ni nini. Baada ya muda mfupi akiwa hospitali ya Jinja akatazama dirishani, akamwona mtoto mwingine ana uso ule ule. Hapo akaanza kufukua mafaili ya wagonjwa. Mwaka 1958 akachapisha alichokiona, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali kwa hospitali na kuuliza kama kuna aliyewahi kuona mtoto wa namna hii. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Sisi wa kandokando ya ziwa tumo ndani ya ramani hiyo.

Watoto hao nimewaona, mwanangu. Shavu limejaa, meno yanalegea, na mama ameshazunguka kwa wang'oa meno kabla ya kufika kwetu hospitalini. Seli za uvimbe wa Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Kwa hiyo jibu likilala maabara tangu Ijumaa hadi Jumatatu, mtoto anayerudi Jumatatu si yule wa Ijumaa. Lakini uvimbe huu huu husikia dawa kuliko saratani nyingi. Ukiwahiwa, shavu linaweza kunywea ndani ya siku chache. Ndiyo sababu mwaka 1967 taasisi yenu ilianza na watoto wenye limfoma, na ndiyo sababu Profesa Charles Olweny na wenzake walishikilia kazi hiyo hata miaka ya Idi Amin, wageni walipokwisha kuondoka.

Sasa nikupe habari ya kichupa kimoja. Mtafiti wa London, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt akihadhiri mwaka 1961, akashuku kuna virusi. Akawa anapelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Vilipaswa kufika vibichi, maana ukishatia fomalini, dawa ya kuhifadhi, umbo linabaki lakini seli imekufa, haioti tena. Zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege ikakuta ukungu London, ikageuzwa hadi Manchester, na kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Wewe na mimi tunajua maji yaliyochafuka kwa kawaida ni bakteria, na sampuli hutupwa. Epstein alichukua tone akaliweka kwanza chini ya hadubini. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, hai, zimepukutika kwa mtikisiko wa safari na zinaelea. Basi wakaziotesha hivyo hivyo zikielea, na mapema mwaka 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Kwenye makala yao kuna Epstein, Bert Achong wa Trinidad, na Yvonne Barr, msichana aliyekuwa bado anasoma, mwenye kazi ya kuzitunza seli siku hadi siku. Kazi kama hiyo ndiyo utakayopewa wewe.

Virusi vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Leo tunajua zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo na wengi havijawadhuru. Kwa watoto wa ukanda wetu malaria ya mara kwa mara huchangia, na kipande cha kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi za urithi ndani ya seli, hukatika kikaungwa mahali pasipo pake, ndipo ugonjwa uanze. Yote hayo yamefunguliwa na kichupa kile. Mwenye uvimbe alikuwa mtoto wa Uganda, na jina lake halimo kwenye jina la virusi. Mimi jambo hilo linaniuma, na ndilo hasa nililotaka kukuandikia.

Utakapokuwa na safu za mirija mbele yako, nambari tupu, ni rahisi kuzoea. Usizoee. Niliwahi kupokea vichupa viwili vya vipande vya uvimbe kutoka kituo kimoja, vyote havina jina, siku moja. Hatukuweza kusema kipi ni cha nani. Wazazi walitafutwa warudi na watoto wakatwe upya. Mmoja alirudi na mwanawe, mwingine hatukumpata tena. Kwa hiyo andika kichupa chenyewe, usiandike kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kwenye slaidi tumia penseli pale kioo kilipokwaruzwa, kwa sababu spiriti na zailini, kiyeyusho cha maabara, hufuta wino wa kawaida. Kwenye daftari la maabara tumia wino, ukikosea piga mstari mmoja na utie sahihi. Na kipimo kilichokataa kiandike sawasawa na kilichokubali.

Wakikutuma wodini kuomba ridhaa ya kuchukua damu kwa utafiti, keti. Usiongee umesimama juu ya mama aliyeshika mtoto. Mwambie itachukuliwa kiasi gani, itahifadhiwa wapi, na kwamba akikataa mtoto atatibiwa vile vile. Zile seli za HeLa mtakazofundishiwa, zinazooteshwa maabara nyingi duniani, zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, mwaka 1951, na hakuna aliyemuuliza. Kama mama haelewi Kiingereza wala wewe Kiganda chako hakijakaa sawa, mwite muuguzi akusaidie. Usiharakishe dole gumba lake kwenye karatasi.

Koti lako la maabara lifue peke yake. Kula asubuhi kabla ya kwenda, unajua usivyoweza kusimama na njaa. Baba yako amekutumia hela ya chumba ya miezi miwili, thibitisha kama imefika.

Uniandikie kipimo cha kwanza utakachokifanya kwa mkono wako mwenyewe, na ulichokiona.

Mama yako