Anayeingia dirishani usiku si mchumba

Ndugu Mhariri,

Mimi ni shangazi wa mabinti wawili, mmoja yuko kidato cha tatu na mwenzake cha tano. Likizo hii wako kwangu hapa Igoma. Jumamosi waliniomba tuangalie Twilight, filamu ya binti anayependana na mnyonya damu, wakisema shuleni kwao kila mtu keshaiona. Nilikubali kwa moyo mweupe. Filamu ilitoka mwaka 2008 kutokana na riwaya ya Stephenie Meyer, ikafuatiwa na nyingine nne hadi 2012. Kitu kilichopendwa kiasi hicho, nikawaza, hakikosi utamu. Nimeinuka pale na huzuni ambayo haijanitoka hadi leo.

Kwanza nilitarajia kuogopa. Nimezaliwa Ukerewe, nimekua nikisikia habari za mumiani. Mumiani wa bibi yangu hakuwa na meno marefu wala kucha. Alikuwa mtu nadhifu, ana gari, anaongea kwa upole, na kumbe anatafuta damu. Habari hizi zilienea Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni. Nairobi na Kampala watu walifikia kuwahofia hata wazima moto. Bibi alituambia jambo moja tu: akikuita kwa sauti tamu, kimbia. Mnyonya damu wa Twilight naye ni nadhifu, ana gari, anaongea kwa upole. Akipigwa na jua ngozi yake inameremeta kama almasi. Ila huyu, binti hamkimbii.

Bella, binti mwenyewe, ana miaka 17. Edward, huyo mnyonya damu, naye anaitwa wa miaka 17, lakini aligeuzwa mnyonya damu mwaka 1918 alipokuwa anakufa kwa yale mafua makubwa yaliyoikumba dunia. Piga hesabu: ni mtu wa zaidi ya miaka 100 anayekaa dawati moja na mwanafunzi. Tena anamwambia waziwazi kwamba hajawahi kutamani damu ya mtu kama anavyoitamani yake. Kule kisiwani, tulipokwenda ziwani kuchota maji na mamba akaonekana, hakuna aliyesema anajizuia kwa sababu anatupenda. Tuliacha ndoo palepale.

Kilichoniumiza hasa ni kile chumba. Edward anatokea chumbani kwa Bella usiku, kapitia dirishani, na anakiri kwamba kwa miezi kama miwili amekuwa akiingia kumtazama akilala. Binti mwenyewe hakujua. Baba yake, ambaye ndiye mkuu wa polisi wa mji ule, hana habari. Nilisubiri Bella akasirike. Nilisubiri kwa kweli, hata nikasogea mbele ya kiti. Anashangaa kidogo, kisha wanabusiana. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa vijana wanaotia sauti ya Kiswahili, naye juu ya tukio hilo akasema: "Hayo sasa ndiyo mapenzi." Mabinti zangu wakashusha pumzi pamoja.

Mhariri, mambo yakiharibika sisi mashangazi ndio tunaoitwa kukaa na binti chumbani tumuulize taratibu. Nimeitwa zaidi ya mara moja. Maelezo huanza vilevile: alikuwa ananifuata kila ninakokwenda, nikajua ananipenda. Tangu mwaka 2016 sheria yetu inasema anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, lakini sheria hufika wakati machozi yamekwisha kumwagika. Filamu kama hii inafika kabla.

Ina uzuri wake, sikatai. Misitu ile yenye ukungu inavutia, na ule mchezo wa besiboli wanaoucheza wakati radi zinapiga, ili ngurumo zifunike kishindo cha mapigo yao, uliniamsha. Kristen Stewart anaiigiza aibu ya binti mgeni shuleni hadi unamwamini. Na aliyeiongoza ni mwanamke, Catherine Hardwicke, ndiyo maana nilitarajia zaidi. Mwishoni Bella amenusurika kuuawa, mguu uko kwenye plasta, na bado kwenye dansi ya shule anaomba ang'atwe naye awe kama Edward. Filamu nzima sikumsikia akisema anataka kusomea nini.

Ukurasa wako wa burudani hutuandikia nani kaachana na nani. Naomba, hata mara moja kwa mwezi, utafute mwandishi azijadili filamu zenyewe, hizi ambazo watoto wanaingiziwa kwenye flashi mtaani kwa bei ya andazi, na mabinti nao wapewe nafasi ya kujibu. Wa kwangu wana mengi ya kusema. Yule wa kidato cha tano amenikasirikia, anasema sikuielewa, nasi tumebishana hadi ugali ukapoa.

Sehemu ya pili wameshaipata. Nitakaa nao, na safari hii tukifika kwenye dirisha nitaomba tuisimamishe kwanza.

Shangazi,
Igoma, Mwanza