Risala ya Kamati ya Habari na Mitandao kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuweka Wakfu Vyombo vya Kurushia Ibada

Baba Mkuu wa Jimbo, mgeni wetu rasmi. Baba Mchungaji wa usharika. Wainjilisti, wazee wa kanisa, wanakwaya na washarika wote: Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kuja kuviweka wakfu vyombo hivi. Kabla hujavinyoshea mkono, tunaomba utusikilize vinafanya nini, na hasa visichoweza kufanya.

Mahubiri ya mbali si mageni kwa Walutheri wa nchi hii. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977, Redio Sauti ya Injili ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa Moshi. Ila redio ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na kipindi kikiisha kimeisha. Simu ni ya mtu mmoja, na hubiri likiisha lingine linaanza lenyewe. Ndani ya wiki moja mshirika anaweza kusikiliza wahubiri watano wasioafikiana hata juu ya ubatizo wa watoto wachanga, wala asiweze kumwuliza swali hata mmoja wao. Mchungaji anakuja kushtuka mtu wake ameshabatizwa mara ya pili.

Hatumkatazi mtu kusikiliza. Waberoya walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku (Matendo 17:11). Tunachoshauri ni hiki: andika jina la mhubiri, andiko alilosoma na sentensi iliyokutatiza; soma sura nzima badala ya mstari mmoja; halafu lete swali kwenye jumuiya au kwa mchungaji. Swali la namna hiyo linajibika. "Nimesikia kwenye simu wanasema" halina pa kushikwa.

Kuna pia kulinganisha, na hapo tunawaonea wachungaji. Hubiri la mtandaoni limekatwa, limesafishwa sauti na kuchaguliwa kati ya mengi. Mchungaji wa usharika Jumamosi amezika, Jumapili anahubiri ibada mbili, mchana ana kikao cha wazee. Yakobo 5:14 inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Hao ni watu wa kufika kwa miguu, wanaolijua jina lake na nyumba yake.

Sasa kazi yenyewe. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 337 kwa hubiri la nusu saa. Hilo ni bando la siku nzima kwa wengi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 7 tu, na maneno yanasikika vizuri. Kwa hiyo hubiri linarushwa mubashara kwa video, na jioni faili la sauti linakwenda kwenye kundi la WhatsApp la kila jumuiya. Sauti tunaichukua kwa waya kutoka kwenye mikisa, yaani mashine inayounganisha sauti za maikrofoni zote, kwani simu iliyo mbali na mimbari inanasa mwangwi kuliko maneno. Waya huo una kasoro zake: sauti ya mikisa ni kubwa kuliko inavyotarajia tundu la simu, hivyo bila kipunguza sauti katikati inakwaruza, na usharika unaoitikia hausikiki kabisa mpaka iongezwe maikrofoni moja ya kuelekea mabenchini.

Kamera haiwaelekei watoto, wala wanaokwenda mbele kuombewa. Maombi ya wagonjwa hayasomwi hewani kwa majina. Yanapelekwa kwenye simu ya ofisi ya mchungaji. Klipu fupi haitoki kabla mchungaji hajaisikiliza, maana sekunde 40 zikinyofolewa na kurushwa peke yake kutoka kwenye hoja ya dakika ishirini zinaweza kumfanya aseme alichokuwa anakipinga.

Sadaka ni kwa lipa namba ya usharika pekee. Mtoaji asome jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi, asitishe. Wapo wanaofungua kurasa za uongo kwa picha za wachungaji na kuomba "sadaka ya mbegu".

Linalotusumbua zaidi ni takwimu. Mtandao unaonyesha idadi ya watazamaji bila kutuambia ni akina nani. Benchi tupu kila mtu analiona. Anayetazama nyumbani anaweza kuugua mwezi mzima asijulikane. Kwa hiyo kila kiongozi wa jumuiya ana orodha ya wasiofika: wagonjwa, wazee, wauguzi wa zamu, madereva. Jumatatu anawapigia, na Jumanne majina ya wanaohitaji kutembelewa au kupelekewa Chakula cha Bwana yanakuwa mezani kwa mchungaji. Orodha isipopelekwa, kamera zetu zinakuwa zimesaidia watu kupotea.

Baba Mkuu wa Jimbo, tuna maombi mawili. La kwanza, mwongozo wa jimbo kuhusu ibada za mtandaoni, hasa Chakula cha Bwana. Tayari tunaulizwa kama mtu anaweza kujiwekea mkate na divai mbele ya simu, na jibu hilo si la mafundi mitambo. La pili ni dogo: betri ya akiba ya kuendesha mikisa na kifaa cha intaneti kwa nusu saa, ili umeme ukikatika katikati ya hubiri, wa nyumbani nao waipate Baraka.

Vyombo viko mbele ya madhabahu. Karibu, Baba.

Ni sisi, Kamati ya Habari na Mitandao.