Kwa nini tunakuomba usije tarehe 29 Juni

Kila mwaka, siku mbili za mwisho za Juni, foleni ya ofisi yetu ya kujaza ritani za ushuru hapa Mwembe Tayari, Mombasa, hutoka mlangoni, ikapita duka la vitambaa la jirani, ikafika kwa muuza kahawa. Tunafungua alfajiri na kufunga usiku, na bado wapo tunaowarudisha nyumbani bila ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru ya mwaka uliopita, ambayo mwisho wake ni 30 Juni. Hilo hutuuma sana. Mtu ameomba ruhusa kazini, amepanda matatu kutoka Mtwapa au amevuka feri ya Likoni, amesimama saa tatu, kisha anaambiwa leo haiwezekani.

Wengi wao hulaumu mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Ni kweli iTax, tovuti yao ya kujazia ritani, huwa nzito siku hizo. Kurasa zinagoma kufunguka, na mtu akikaribia hatua ya mwisho hutupwa nje akaanza upya. Lakini mtandao mzito tunauweza kwa kukesha. Tusioweza kuwasaidia ni wale ambao akaunti zao zina kasoro ya miaka iliyopita, nao wanaijua kwa mara ya kwanza wakiwa wamekaa mbele yetu. Ritani ya mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja na P9 iliyo sawa, yaani hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na ushuru uliokatwa, huchukua dakika ishirini. Kasoro ya zamani inaweza kula wiki tatu, na tarehe 29 Juni wiki tatu hazipo.

Kasoro ya kwanza ni ndogo kuliko zote na ndiyo inayofunga mlango kabisa. Ulipoandikishiwa PIN, nambari yako ya mlipa ushuru, barua pepe iliyowekwa ilikuwa ya nani? Wateja wetu wengi walipata PIN punde tu baada ya kumaliza shule, kwa ajili ya kuomba mkopo wa masomo wa HELB au kazi ya kwanza. Walikwenda saiba. Kijana wa saiba aliuliza majina na nambari ya kitambulisho, na kwa kuwa hawakuwa na barua pepe akaweka yake mwenyewe, au akawafungulia mpya na kuandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikapotea, saiba ikafungwa, kijana akahama mji.

Leo mteja hakumbuki neno la siri la iTax. Tunaomba jipya, na mfumo unalituma kwenye barua pepe ileile iliyosajiliwa. Hapo hatuna ufunguo, wala hakuna ofisi ya kibinafsi iliyo nao. Anayekuambia anao, ondoka kwake. Barua pepe ya PIN hubadilishwa na KRA wenyewe baada ya kuhakikisha kwamba wewe ndiwe mwenye kitambulisho. Mwezi wa Februari, hiyo ni shughuli ya asubuhi moja. Mwisho wa Juni, utakuta kwao foleni kubwa kuliko ya kwetu.

Ritani ya sufuri

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Ritani ya sufuri ni ya mwenye PIN ambaye hakupata mapato yoyote mwaka mzima: mwanafunzi, anayetafuta kazi, mama aliye nyumbani asiye na biashara. Ni rahisi kuijaza na bei yake ni ndogo. Kwa sababu hiyo mtu mwenye mshahara huenda akasema tu "nijazie ritani", asiulizwe P9, akajaziwa sufuri. Anapewa stakabadhi yenye nembo ya KRA na tarehe, anaondoka akiamini amemaliza. Kumbe mwajiri wake amekuwa akiwasilisha PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kila mwezi kwa PIN ileile. Sasa mtu mmoja ana rekodi mbili: moja inasema amelipwa mshahara miezi kumi na miwili, na nyingine, ambayo ni kauli yake mwenyewe, inasema hakupata hata shilingi.

Rekodi hizo zinaweza kukaa miaka bila kugombana. Zinagombana siku unapotaka cheti cha kutimiza ushuru. Mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi alitujia akiwa ameitwa kuajiriwa na kaunti, barua mkononi, muda wa kuwasilisha vyeti ukiwa wiki mbili. Tulipofungua akaunti tukakuta ritani nne za sufuri, mwaka baada ya mwaka, na miaka yote hiyo alikuwa akifundisha na kukatwa PAYE. Ritani ya nyuma hurekebishwa ndani ya miaka mitano, kwa hivyo njia ilikuwepo. Lakini kila mwaka hurekebishwa peke yake, kila mmoja unataka P9 yake, na marekebisho yanaweza kusubiri idhini ya afisa. Moja ya shule alizofundisha ilikuwa imefungwa, na kumpata mhasibu wake wa zamani kulituchukua siku tisa. Cheti alikipata mwishowe, nafasi ikiwa imeshajazwa na mwingine. Alikuwa amemlipa mtu kila mwaka amfanyie kazi hii, na kila mwaka alikuwa ameambiwa iko sawa.

Kwa hivyo ukija kwetu tutakuuliza maswali mengi kabla ya kugusa kibodi. Ulifanya kazi mahali popote mwaka jana, hata miezi miwili? Una chumba unachopangisha? Kuna kampuni iliyokulipa kwa kibarua na kukata asilimia fulani? Usituone wadaku.

Upande wa pili wapo wasio na mapato wanaodhani ritani haiwahusu. PIN ikiwa hai, wajibu upo. Faini ya mtu binafsi kwa kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kijana aliyeacha miaka minne anakuta 8,000 zinamsubiri kabla hajapata mshahara wa kwanza. Dirisha la msamaha lililofungwa 30 Juni 2025 liliwafutia wengi faini na riba za hadi mwisho wa 2023, na tulifurahi kuliona likitumika. Faini za baada ya hapo zinahesabiwa kama kawaida.

Neno kwa dada zetu na kaka zetu walioko Saudia, Qatar na Oman: kusafiri hakuisimamishi PIN. Tunajaza ritani zao wakiwa hukohuko, lakini kabla ya kuandika sufuri tunataka kujua ulikaa Kenya siku ngapi mwaka huo na kama una makazi ya kudumu hapa, maana hayo ndiyo yanayoamua kama mshahara wa nje unaingia kwenye ritani.

Kazi mbili, P9 mbili

Pwani yetu inaishi kwa misimu. Mtu anafanya hoteli moja Diani mpaka Aprili, mvua zikianza anapumzishwa, Julai anaingia hoteli nyingine Nyali. Huyu ana P9 mbili na lazima zote ziingie kwenye ritani moja. Mara nyingi yeye ndiye anayeidai KRA, kwa sababu nafuu binafsi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye ushuru wa kila mtu, ni 28,800 kwa mwaka, naye kwenye miezi aliyokaa nyumbani hakupewa chochote. Akileta P9 moja tu, marejesho yake yanapotea kimyakimya.

Mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja mambo yake ni kinyume. Chukua muuguzi anayelipwa 60,000 hospitalini na 20,000 kwenye kliniki ya jioni. Tuweke kando makato ya uzeeni (NSSF), ya afya (SHA) na ya nyumba ili hesabu ionekane. Kliniki inamwona kama mtu wa elfu ishirini tu: asilimia 10 ni 2,000, nafuu binafsi ni 2,400, basi haimkati kitu. Lakini nafuu hiyo ameshaipata hospitalini, na ngazi za asilimia 10 na 25 amezimaliza hukohuko, kwa kuwa asilimia 30 huanza baada ya 32,333 kwa mwezi. Kila shilingi ya kliniki ilipaswa kukatwa asilimia 30. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, na iTax inamwonyesha deni hilo kwa mkupuo mmoja.

Nimewaona watu wakilia kwenye kiti kile. Mshahara ulishakula karo na kodi ya nyumba zamani. Tena wengi hawajui kwamba ritani ina hadi 30 Juni, ila ushuru uliobaki ulitakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Baada ya hapo kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ukija Februari tunaipata hesabu mapema, na una muda wa kujipanga. Na kama unaanza kazi ya pili sasa hivi, mwambie mwajiri huyo leo kwamba una wa kwanza, ili asikupe nafuu binafsi mara ya pili. Ni mazungumzo ya dakika tano na mtu wa mishahara.

P9 yenyewe

Usiichukue P9 na kuitia mfukoni bila kuisoma. Angalia PIN yako, herufi A, tarakimu tisa, kisha herufi moja mwishoni. Angalia PIN ya mwajiri. Tumeshapoteza siku nzima kwa tarakimu moja iliyogeuzwa. Kisha linganisha jumla ya PAYE na hati zako za mshahara.

Tangu 27 Desemba 2024 hesabu yenyewe imebadilika. Mchango wa bima ya afya (SHIF) wa asilimia 2.75 na ule wa nyumba wa asilimia 1.5 sasa hutolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kuhesabiwa, badala ya kupewa nafuu ya asilimia 15 kama zamani, na kiwango cha akiba ya uzeeni kisichotozwa ushuru kimepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Bado tunapokea P9 zilizoandaliwa kwa mpangilio wa zamani. Hizo tunazirudisha kwa mwajiri, na ndiyo maana tunazitaka mapema: mhasibu wa kampuni yenye watu mia mbili hatakuandikia P9 mpya jioni ya tarehe 30.

Lililo zito zaidi ni mwajiri aliyekukata na hakuwasilisha. P9 inasema umekatwa, ukurasa wa iTax hauoni kitu. Usikubali mtu akufiche hilo kwa kujaza tarakimu zinazotoshana. Weka hati zako zote za mshahara na taarifa za benki, maana ndizo ushahidi wako, nasi tutakuandikia barua kwa mwajiri na kwa KRA. Hili halimaliziki kwa siku moja.

Wenye biashara na nyumba za kupangisha nitawaandikia makala yao. Kwa sasa jueni mawili. Ushuru wa kodi za nyumba wa asilimia 7.5 hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20, kwa hivyo Juni ni kuchelewa mno. Na gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, usitarajie ikubalike, hata kama pesa ulizitoa kweli.

Fomu ya ritani ya Excel ya kupakua ina matatizo yake: haifanyi kazi kwenye simu, inagoma makro zikiwa zimezimwa, inakataa tarehe zisizoanza na siku, na toleo la mwaka jana halipokelewi. Hayo tuachie sisi, ni kazi yetu.

Mawili tunayoyashikilia hapa ofisini. Neno la siri unaliandika mwenyewe kwenye kompyuta yetu, na ukitoka tunakuonyesha namna ya kulibadilisha; hatuliweki kwenye daftari. Ushuru wako haupiti kwenye simu yetu. Tunakutolea nambari ya malipo, unalipa mwenyewe kwa M-Pesa kwenye Paybill 222222 au benki, nambari hiyo ikiwa ndiyo ya akaunti. Sisi unatulipa ada yetu peke yake, na tunakupa risiti.

Ukija, njoo na kitambulisho, P9 za waajiri wote wa mwaka jana, cheti cha ulemavu cha KRA kama unacho na hakijapitwa na tarehe, na simu yenye barua pepe yako. Jumamosi tunafunga saa saba mchana.

Kabla ya kuja, leo usiku fungua iTax, weka PIN yako, uombe neno jipya la siri. Subiri dakika chache uone ujumbe unaingia wapi. Ukiingia kwenye simu yako, tuandikie tukupangie siku. Usipoingia, njoo asubuhi ileile itakayofuata.