Dayaframu za daraja la mshazari si pambo

Mhariri, asalaam alaykum. Mie injinia mstaafu hapa Michenzani, juzi barzani nimebishana na kijana katoka chuo, ananambia dayaframu (vile viungo vya kukingama vinavyounganisha boriti na boriti) za daraja la mshazari (lile ambalo mihimili yake ya mwisho imekaa upande, si pembe mraba na njia) kazi yake kushikilia boriti wakati wa kujenga tu, zege likishakamata basi. Hata kidogo!

Chukua mbao mbili za kupandia jahazi, ziweke sambamba lakini moja itangulie mbele, zipigilie kipande cha kuziunganisha halafu pita katikati, ubao mmoja utabonyea sana na mwenziwe kidogo, na kile kipande ndo kinachoteseka. Boriti za chuma hivo hivo, mzigo unakimbilia kona butu (ile pana kuliko pembe mraba) na njia yake ni hizo hizo dayaframu.

Sasa ukihesabu kila boriti peke yake nguvu hizo huzioni kabisa. Ukitumia gridi ya kawaida (modeli ya kompyuta inayolichora daraja kama wavu wa mistari), programu inaiona boriti ya I (yenye umbo la herufi hiyo) laini mno kwenye kusokotwa kuliko ilivyo, nguvu za dayaframu zinatoka ndogo, nawe unalala usingizi huku weldi zinangoja kupasuka kwa uchovu, yaani chuma kuchoka kwa mizigo inayojirudia. Wamarekani washalieleza kwenye ripoti ya NCHRP (mpango wao wa utafiti wa barabara kuu) namba 725 ya mwaka 2012. Ama urekebishe ule ugumu wa msokoto ama ufanye modeli ya 3D. Na AASHTO (chama cha Marekani kinachotunga kanuni za madaraja) mshazari ukipita digrii 20 wanataka dayaframu zikae pembe mraba na boriti, zisifate mshazari.

Kijana akiisoma hii, kahawa yangu bado nadai.