Kabla Hujauza Kiwanja Kununua "Seli za Mgongo"

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ianze kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ndugu wa waliovunjika mgongo wanatuuliza: na huyu wetu aliyeanguka na bodaboda, hawezi kupandikizwa? Kwa sasa hapana. Sababu yake ielewe kabla hujamtumia hela mtu anayeahidi kumponya kwa seli.

Uloto ni kiwanda cha damu. Seli zake zikitiwa kwa dripu kwenye mshipa, zinajipeleka zenyewe hadi kwenye mifupa na kuanza kazi. Uti wa mgongo ni habari nyingine. Nyuzi za neva zinazoshuka toka kwenye ubongo zikikatika, seli mpya inatakiwa iponee kwenye uvimbe, ivuke kovu, na irudishe mawasiliano na misuli ileile iliyoyapoteza. Neva ya mkono ikikatwa huota kama milimita 1 kwa siku. Za ndani ya uti hazioti hivyo. Kovu na kemikali zilizo kwenye ganda la neva huzizuia.

Utafiti upo, na ni wa kweli. Marekani, kampuni ya Geron ilianza kuwawekea wagonjwa seli mwaka 2010, ikaacha mwaka 2011 kwa sababu za fedha. Japani, Chuo Kikuu cha Keio kiliwapandikiza watu 4, kila mmoja seli milioni 2, ndani ya wiki 2 hadi 4 baada ya kuumia. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa wawili walipata nafuu, na mmoja wao aliweza kusimama. Habari njema, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, na miezi ya mwanzo wapo wanaopata nafuu hata bila seli. Aliyeumia miaka mitatu iliyopita hakuwa mlengwa.

Misuli nayo imesumbua. Miaka ya 1990 seli za misuli zilidungwa kwa watoto wenye ugonjwa wa Duchenne, wa kurithi unaodhoofisha misuli. Nyingi zilikufa siku za mwanzo, zilizobaki hazikusambaa mbali na tundu la sindano. Paja moja lingehitaji kutobolewa kama chekeche.

Kuna na madhara. Mwanamke aliyepandikizwa utando wa pua kwenye uti huko Ureno alikutwa, miaka 8 baadaye, na uvimbe unaotoa ute kama kamasi mgongoni.

Kwa hiyo anayekuuzia muulize: seli ni za nani, zimetolewa wapi mwilini, ni ngapi, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kiko wapi? Halafu nani analipa? Utafiti halali kwa kawaida haumtozi mgonjwa mamilioni. Akijibu kwa video za ushuhuda, funga simu.

Kinachoharibu nafasi ya mgonjwa, hata ya kuingia kwenye utafiti siku zijazo, ni vidonda na viungo vilivyokakamaa. Kitandani ageuzwe kila saa 2. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie bila kugusa godoro; mto ukiwekwa chini ya kisigino chenyewe ndio unaoleta kidonda. Kwenye kiti mwendo ajiinue au ainamishwe mbele kila dakika 15 hadi 30. Ngozi ikaguliwe asubuhi na jioni: wekundu usiopotea ukibonyezwa, au weusi uliokolea kuliko pembeni na ngozi ya hapo kuwa ya moto, ni kidonda kinachoanza. Asikae tena juu ya sehemu hiyo.

Mkojo utolewe kwa mpira kila saa 4 hadi 6. Ukizidi mililita 500 kwa mara moja, punguza muda kati ya mara na mara. Maji msimnyime kwa kuogopa mkojo. Utakuwa mzito na maambukizi yatafuata. Aliyeumia uti usawa wa kifua cha juu au shingo akiumwa kichwa ghafla huku akitoka jasho usoni, mketishe wima, kama ana mpira wa mkojo uliobaki ndani kagua kama umejikunja, mwahishe hospitali.

Na baridi ya Dodoma ya Juni na Julai: jiko la mkaa likae mbali na miguu isiyohisi. Ngozi inaungua naye anaendelea na stori.

Mkija mara ya kwanza leteni picha za eksirei au MRI, karatasi ya ruhusa ya hospitali, na daftari lenye saa na kiasi cha mkojo cha siku 3.