Usinunue risiva mpya, omera

Nakuru,
Jumapili jioni

Omera wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi la Menengai. Nyumbani sote tu wazima. Mama anakusalimu, na anaulizia ile omena uliyomwahidi.

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Unasema gari lako la kuchezea la rimoti linapanda mawe vizuri, lakini gurudumu la mbele likibanwa na jiwe nawe ukakata usukani, kila kitu kinazimika kwa sekunde moja au mbili, kisha linaamka lenyewe. Na sasa umetenga pesa za risiva nyingine, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti. Tafadhali zirudishe mfukoni. Risiva yako ni nzima, ila ina njaa.

Betri yako ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6. Sevo, yaani mota ndogo inayokata usukani, na risiva haziwezi umeme huo, kwa hiyo ndani ya kidhibiti cha mota mna reguleta ndogo inayoushusha hadi volti 5 au 6. Nyingi za aina hiyo hutoa ampea 2 au 3 tu. Sevo iliyokuja na gari ilitosheka nazo. Lakini wewe umefunga yenye nguvu ya kilo 25, na sevo kubwa namna hiyo ikikwama, inasukuma na haisogei, huweza kuvuta ampea 4, 5 au hata zaidi. Hapo volti zinaporomoka na risiva inazimika, maana zote mbili zinakunywa bomba moja. Unajua vile jirani wa chini akifungulia mfereji, wa ghorofani hukosa maji? Ndiyo hali ya risiva yako.

Kabla hujaniamini, jaribu hivi: inua gari, shika magurudumu ya mbele kwa mkono, kisha kata usukani kidogo tu huku ukitazama taa ya risiva. Ikififia au ikizimika, jibu umelipata. Usiishikilie sevo hivyo kwa muda mrefu, itaungua.

Dawa yake ni reguleta ya nje. Tafuta ya ampea 10, na usome ampea za kudumu, si zile za kilele zinazoandikwa kwa herufi kubwa. Fundi wa redio anaweza kukushauri utumie ile reguleta ndogo ya miguu mitatu, 7806. Ni kitu kizuri mahali pake, lakini uwezo wake ni kama ampea moja na nusu, na kila volti inayoishusha inageuka joto. Kutoka 12.6 hadi 6, kwa ampea moja tu, ni wati 6.6 za joto ndani ya kijigari kilichofunikwa. Chukua ile inayowasha na kukata umeme kwa kasi (switching), haipotezi hivyo.

Chomoa betri kwanza. Waya mbili za kuingiza zilehemu kwenye waya za plagi ya betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, upande unaoingia kwenye kidhibiti. Usiguse waya za mota. Kila kiungo kivishe mpira wa kusinyaa, kwa sababu betri hizi waya zikigusana zinawaka moto. Kisha chomeka betri na upime waya za kutoa kwa mita kabla hazijagusa risiva. Weka volti 6, hata kama sevo yako inakubali 7.4, mpaka uwe na hakika na risiva. Na siku ukitumia betri ya seli mbili, kumbuka reguleta hii inashusha tu, haipandishi. Betri ikichoka ikafika volti 6.5, hiyo 7.4 itatoka wapi?

Sasa jambo ninalokuomba usilisahau hata kidogo. Plagi inayotoka kwenye kidhibiti kwenda risiva ina waya tatu. Ile nyekundu ya katikati lazima itoke, la sivyo reguleta mbili zitasukumana na moja inaweza kufa. Usiikate. Inua kile kiulimi cha plastiki kwa pini, ivute taratibu, uifunge kwa utepe wa umeme. Nyeusi na ile inayopeleka ishara zibaki palepale. Reguleta mpya ichomeke kwenye nafasi ya betri ya risiva, au chaneli yoyote iliyo wazi, na uilaze mbali na antena.

Baada ya hapo swichi ya kidhibiti haizimi tena risiva. Mimi sikulifikiria hilo. Nilizima swichi, nikalala, reguleta ikanyonya betri usiku kucha, na asubuhi ilikuwa imekufa kabisa. Iliniuma, maana nilikuwa nimeiwekea akiba miezi miwili. Kwa hiyo ukimaliza kucheza, chomoa betri kila mara.

Gari likipona, tutapanda wapi? Kwenye mawe ya Kit Mikayi kule Kisumu tusiende na magari, watu husali pale. Njoo huku Menengai, mawe ya volkano yamejaa na yanakwaruza vizuri matairi.

Lakini kabla hujawasha chuma cha kulehemu, nipigie picha maandishi yaliyo ubavuni mwa sevo na yale ya risiva, unitumie. Nitakujibu usiku huohuo.

Mimi ndugu yako,
wa Nakuru